Watu Kumi Kufikia Jumamosi

Jumatatu, tarehe 2

Shangazi ametoa hukumu, tena mbele ya mteja.

Nieleze vizuri, maana nikija kuyasoma haya uzeeni nitakuwa nimesahau. Shangazi ana duka la kutoa nakala na kupiga picha za vitambulisho. Chini ya meza ya dukani kuna kompyuta ya zamani. Ndani ya kompyuta hiyo kuna mji. Ni mji wa mchezo, wa matofali ya kwenye skrini, lakini ni mji: soko, mnara wa saa, na daraja lililopinda kwa sababu walioanza upande huu hawakuelewana na walioanza upande ule. Tuliujenga miaka mitatu, darasa zima. Mimi ndiye msimamizi wa seva, yaani ndiye ninayeiwasha, ninayeitengeneza na ninayewafungia mlango wakorofi. Sasa shule imekwisha, kila mtu kashika njia yake. Mji umebaki kama ukumbi asubuhi ya pili ya harusi.

Kompyuta ya kuchapia picha imeanza kukoroma. Shangazi anaitaka hii ya chini ya meza. Nikamsihi. Akauliza huo mji wangu una watu wangapi. Uongo siuwezi, masikio huniwaka. Nikasema wawili. Akacheka mpaka mkasi ukamdondoka. Akasema kijiji cha watu wawili si kijiji, ni ugomvi unaosubiri siku yake. Kisha akapitisha hukumu: Jumamosi saa kumi na robo jioni atakuja kuhesabu kwa macho yake mwenyewe. Akikuta watu kumi kwa wakati mmoja, kompyuta inabaki. Akikuta tisa, anaifuta yote. Mteja akatikisa kichwa kukubali, kana kwamba yeye ni hakimu msaidizi!

Nakala ya mji naweza kuihifadhi. Lakini mji usio na kompyuta ya kuuendesha ni kama nguo za marehemu sandukuni. Na nje ya mji huo mimi siongei na mtu. Hata ndani yake siongei sana, ila angalau nipo.

Nimeapa: njia za halali tu. Sitachezea idadi. Hakuna watu wa bandia.

Siku tano. Nahitaji wanane.

Jumanne, tarehe 3

Ugunduzi! Nimesoma kumbukumbu za seva. Wiki iliyopita waliingia watu kumi na wanne! Ila hawakukutana. Mama Pacha (jina lake silijui, ana pacha wachanga na huandika kwa mkono mmoja) huingia mchana, watoto wakilala. Fundi Saa, ambaye kweli hutengeneza saa, huingia asubuhi akikosa wateja. Kobe huchimba chini ya ardhi siku nzima na hajui nani yuko juu. Kila mmoja anakuta mji mtupu, anazunguka, anaondoka akidhani amebaki peke yake duniani. Watu tunao. Tunapishana tu, kama jua na mwezi.

Mpango wa kwanza: saa ya wote kukutana. Saa kumi jioni, kila siku. Nikaandaa tangazo la kubandika langoni. Nilianza na "Njooni," nikaona naamrisha. Nikaweka "Tunawaomba," nikaona najipendekeza. Baada ya saa nzima tangazo likawa: "Saa kumi jioni inapatikana." Fundi Saa akaandika chini yake kwamba hata kwake inapatikana, tena ana thelathini ukutani.

Mpango wa pili: kupunguza mji. Watu watatu chumbani ni sherehe. Watu watatu uwanjani ni upotevu. Nikausogeza ukuta wa mpaka hadi ukalizunguka soko tu. Halali kabisa! Sijaongeza mtu hata mmoja, nimepunguza nafasi.

Nilisahau kwamba mnara wa saa uko nje ya soko. Fundi Saa aliujenga kwa miezi miwili. Leo amerudi mchana kumwonyesha rafiki yake, akakuta mnara uko upande wa pili wa ukuta usiopenyeka. Aligonga kwa nyundo dakika arobaini. Kisha akaandika kwamba maishani amenyang'anywa vitu vingi, lakini kunyang'anywa kitu kisichoshikika ndiyo mara ya kwanza. Kobe naye alikuwa handakini, ng'ambo ya ukuta. Hakulalamika. Aliendelea kuchimba kuelekea kusikojulikana.

Nimeurudisha ukuta. Msamaha sijaomba, sikujua pa kuuanzia.

Ubao wa idadi saa kumi: watatu. Wawili wamenuna.

Jumatano, tarehe 4

Dukani nimempiga picha bwana mmoja akiwa amefumba macho. Mara tatu. Nilishindwa kumwambia afumbue. Shangazi akasema kitambulisho hicho kitamfaa akienda kulala.

Lakini hayo ni madogo. Saa saba mchana amekuja mgeni! Mgeni kabisa, hajawahi kuingia! Anajiita Abiria. Moyo ulinipiga mpaka nikaogopa shangazi atausikia.

Hapa lazima nikiri jambo. Msimamizi ana kitufe cha kujificha. Ukikibonyeza unaona kila mtu na hakuna anayekuona, wala ubao haukuhesabu. Nilikibonyeza mwaka jana siku ya fujo fulani. Fujo iliisha. Kitufe sijakirudisha.

Basi Abiria akasimama sokoni na kuuliza, jamani, kuna watu? Nilikuwa nimesimama mbele yake, hatua moja. Nikaandika "Karibu." Nikafuta, ni fupi mno. "Karibu sana." Nikafuta, ni shauku mno. "Karibu, ila usijisikie kulazimika." Nikafuta.

Nikaamua kumkarimu kwa vitendo. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Alipoelekea njia ya giza nikawasha taa, moja baada ya nyingine, mbele yake. Akasimama. Alipokaribia nyumba nikamfungulia mlango. Akarudi nyuma hatua mbili. Nikamwekea mkate miguuni. Akauangalia mkate. Alipogeuka aende zake, nikamfungulia mlango mwingine, mkubwa zaidi, ili ajue anapendwa.

Aliandika kwamba yeye ni mtoto wa watu na hana ugomvi na yeyote humu. Akatoka. Alikaa dakika nne.

Nimeukuta mkate palepale.

Ubao saa kumi: wanne. Bado sita. Sijala.

Alhamisi, tarehe 5

Mpango mpya, halali, tena wa ukarimu: Kofia ya Dhahabu kwa kila atakayekaa mjini saa tatu mfululizo. Mkono mtupu haulambwi. Tangazo hili niliweza kuliandika kwa sababu halikuwa na salamu ndani yake.

Saa nane mchana, ubao: saba! Nikakimbia sokoni kuwaona. Wote saba walikuwepo. Wote saba walikuwa wameuelekea ukuta. Hakuna aliyesogea. Mmoja alikuwa anatembea papo hapo, uso umegandamana na jiwe, miguu ikienda.

Wameweka vitu juu ya vitufe vya kompyuta zao na kuondoka! Fundi Saa baadaye alieleza kwa fahari kwamba alitumia jiwe la saa ya ukutani. Mama Pacha alitumia kiazi.

Nilijadiliana na nafsi yangu nikikata picha za watu (nimemkata mmoja sikio). Je, mtu mwenye kiazi ni mtu? Nikaamua ni mtu, kwa kuwa mtu aliyelala hafutwi kwenye hesabu ya nyumba. Lakini shangazi atakuja na macho yake, na shangazi anajua tofauti ya foleni na makaburi. Nikafuta shindano saa moja kabla ya kofia kutolewa. Wakarudi wote kwa pamoja kuuliza kofia ziko wapi. Kwa dakika sita mji ulichangamka kuliko mwaka mzima. Nilikuwa nimeinama nyuma ya pipa, ingawa sionekani.

Kisha, kama vile siku haijatosha: Msumari. Huyu tulisoma naye, aliketi dawati la nyuma, na jina hilo alipewa kwa sababu huwezi kumkalia ukasahau. Ana seva yake. Ubao wake unaonyesha watu sitini na wanne. Kila siku sitini na wanne! Leo nimejikaza nikaingia kuchungulia. Wote wanazunguka bustani kwa mwendo mmoja. Nilipowasogelea walipita katikati yangu. Roboti, wote! Hapo hapo Msumari akaniandikia kwa faragha, utadhani alikuwa amekaa mlangoni. Ananijua kwa jina langu la mchezo. Akasema shoga, karibu, hujambo, mbona hukai? Akasema hukumu ya dukani imeshamfikia, na mimi nitie roboti ishirini, ni kazi ya dakika tano, yule shangazi yako atazijulia wapi. Nilimjibu kwamba nimeapa. Akauliza nimemwapia nani. Nikasema mwenyewe. Akasema basi mimi na mwenyewe tukae tuhesabiane.

Fidhuli! Halafu akauliza tena, taratibu, kama naondoka tayari. Nikaondoka.

Ijumaa, tarehe 6

Kesho! Nimeota ubao una tarakimu moja, nayo ni shangazi.

Nimepata njia ya katikati. Roboti MMOJA. Na si wa kudanganya. Juu ya kichwa chake nimeandika kwa herufi kubwa SI_MTU. Ubaoni nimempangia asihesabiwe. Kazi yake ni kukaribisha tu, kwa kuwa msimamizi ana majukumu mengine. Anajua sentensi tatu, na anazisema kwa zamu: "Karibu sana." "Habari za nyumbani?" "Pole na kazi."

Mama Pacha aliingia saa saba. Roboti akamwambia karibu sana. Akafurahi, akasema ahsante mwanangu. Roboti akauliza habari za nyumbani. Ndipo mama wa watu akaanza. Kwamba Kulwa anaota jino na Doto analia kwa niaba yake. Kwamba mume yuko kazi ya mbali. Kwamba tangu juzi hajachana nywele. Aliandika robo saa nzima kwa mkono mmoja. Roboti akasema pole na kazi.

Mama Pacha akaandika kwamba yuko mji huu mwaka wa pili na hakuna aliyewahi kumwambia pole.

Nilikuwa nimesimama ubavuni pake. Mwaka wa pili wote.

Roboti akauliza habari za nyumbani. Akaanza tena, upya, kwa furaha.

Nilijaribu kumwambia jina lililo kichwani pa yule kijana lina maana gani. Nilikuwa bado natafuta neno la kwanza wakati Mama Pacha mwenyewe alipolisoma kwa sauti, yaani kwa herufi. Akamwambia asijidharau, kila mtu ni mtu. Akasema ana adabu kuliko msimamizi, ambaye yeye anadhani alishakufa.

Siwezi. Si halali kumwacha mtu ammiminie moyo mashine. Alipotoka kwenda kumnyonyesha Doto, nikamwondoa roboti. Aliporudi akamtafuta sokoni, darajani, hata handakini kwa Kobe. Akauliza kijana yuko wapi. Kobe, ambaye sijawahi kumwona akiandika chochote, akaandika neno moja: kafutwa.

Mama Pacha akasema hiyo haiwezi kupita hivihivi.

Ubao saa kumi: hakuna mtu. Sifuri! Hata Kobe kaondoka. Shangazi ameanza kupangusa meza ya kompyuta kwa kitambaa chenye maji. Kwa nguvu, akiimba.

Jumamosi, tarehe 7

Niandike kwa mpangilio.

Saa tisa na nusu: ubao sifuri. Dukani kuna familia nzima imekuja kupiga picha. Shangazi anawapanga mbele ya pazia jeupe na kunitupia jicho.

Saa tisa na dakika hamsini: Mama Pacha. Nyuma yake majirani zake wawili wa jengo moja, ambao mchezo hawaujui. Mmoja alitembea kinyumenyume mpaka sokoni. Kisha Fundi Saa na shemeji yake. Kisha wawili tuliosoma nao, ambao sijawaona tangu mtihani wa mwisho. Hesabu ilipofika wanane, nilikuwa nimeng'ata kalamu. Kobe alikuwa wa nane: alitokea katikati ya soko kutoka chini, akavunja sakafu, akasimama juani. Kumbe ana koti la kijani. Kisha Abiria! Alisema amesikia jini la mji linashtakiwa na anataka kuliona usoni. Kisha Msumari, kwa jina lake mwenyewe, akasema amekuja kucheka tu. Na mmoja nisiyemjua mpaka sasa.

Kumi na mmoja!

Lakini wameshika mabango. ARUDI, yameandikwa. Na moja: TULIAHIDIWA KOFIA.

Ni maandamano. Dhidi yangu.

Mama Pacha akahutubia. Akasema kijana mwenye adabu kafukuzwa bila kuulizwa, na msimamizi kazi yake ni kuhamisha kuta na kunyima watu kofia, uso hana, salamu hana. Fundi Saa akasema anampa msimamizi dakika tano ajitokeze, na asimtanie kuhusu dakika, zote anazo mezani. Zikipita, wanatoka wote na hawarudi.

Saa kumi na dakika tano. Shangazi bado anamwambia mtoto asicheke kwenye picha. Nikasali acheke zaidi.

Dakika moja ikapita. Ya pili. Nikafikiria kuwasha taa. Nikafikiria mkate. Ya tatu. Jirani wa kinyumenyume akasema wali wake utaungua, akatoka. Kumi. Ya nne. Shemeji akaanza kuaga, na Fundi Saa akasema basi twende sote. Nikaliona daraja, nikauona mnara, nikaona shangazi anafuta.

Nikabonyeza kitufe.

Nilikuwa nimesimama katikati yao kabisa. Nilisahau kusogea kwanza. Mama Pacha aliruka. Abiria akasema NDIYE HUYO na kupanda juu ya kibanda.

Nikaandika, na safari hii sikufuta, maana vidole vilikuwa vimekufa ganzi: hamjambo. Niliyemwondoa hakuwa mtu. Mimi ndiye mtu. Nimekuwepo siku zote. Samahani kwa mnara. Samahani kwa kofia. Pole na kazi.

Kisha Mama Pacha akauliza kama nilikuwepo hata siku ile alipotumbukia kisimani. Nikasema ngazi niliiweka mimi. Akauliza kama nilikuwepo alipokuwa anaimba. Nikasema ndiyo. Akauliza, hata ubeti wa pili? Nikasema hata wa tano. Akasema ee Mola, mtoto huyu!

Na hapo ikawa kama bwawa limebomoka. Wote kwa mpigo! Fundi Saa akataka kujua kwa nini mnara wake unachelewa dakika mbili. Wale wa darasani wakauliza matokeo nayasubiri vipi, wao hawalali. Mimi pia silali! Niliwaambia! Shemeji akaomba apewe kiwanja. Jirani wa kinyumenyume akarudi akasema wali umeungua tayari, kwa hiyo ana nafasi. Abiria akashuka kibandani akauliza ule mkate ulikuwa wa nini. Nikasema ulikuwa wa kumwambia karibu. Akasema si angeambiwa tu.

Shangazi akafika na rula. Akagusa kila kichwa kwenye skrini kwa ncha ya rula, akihesabu kwa sauti. Kumi na wawili. Akarudia, kwa kuwa Kobe alizama kidogo. Kumi na wawili. Akauliza mimi ni yupi. Nikamwonyesha. Akainama, akatazama sana. Akauliza mbona nimejibanza nyuma ya nguzo. Nikamwambia sijajibanza, ni nguzo ndiyo iko mbele.

Kompyuta inabaki! Ile nyingine atampelekea fundi aipulize vumbi. Alipoondoka nilimsikia akimwambia mteja kwamba yule mtoto kumbe ana watu wake.

Tumekaa mjini mpaka saa kumi na mbili. Nimecheka kwa sauti dukani. Mteja aligeuka.

Jumapili, tarehe 8

Siku ya kutafakari. Nimechunguza kwa makini kwa nini jana tulifaulu, ili mafanikio yasiwe ya bahati tu.

Kwanza, ni dhahiri tangazo langu la Jumanne lilifanya kazi. Lilihitaji tu siku nne kuwaingia. Walifika saa kumi kasoro, kama lilivyosema. Pili, nadhani ukuta uliwafanya waupende mji zaidi, maana mtu huthamini anachokosa. Kofia nazo, ingawa hazikutolewa, zilikumbukwa hata kwenye bango. Kitufe cha kujificha nimekibonyeza tena jana saa kumi na mbili na dakika moja, walipoaga, ili nihudumie kwa utulivu. Kuonekana kulikuwa kwa dharura. Haifai kuzoea hali hiyo.

Msumari ameandika asubuhi. Anauliza kama kesho anaweza kuja tena, huko kwake kumepoa. Anasema si lazima niongee, akae tu. Nimeelewa mara moja: upelelezi! Nimemruhusu. Nitamfuata hatua kwa hatua akiwa hajui.

Lakini somo kubwa ni hili: watu hukusanyika wakiwa na malalamiko kwa msimamizi. Basi wapewe pa kuyaleta! Nimetumia saa nne kujenga Ofisi ya Malalamiko pale sokoni. Ni jengo zuri kuliko yote niliyowahi kujenga. Kuna zulia, kiti laini cha mlalamikaji, taa mbili na maua. Mbele ya kiti kuna ukuta mnene, na nyuma ya ukuta kuna chumba changu. Chumba hakina mlango wala dirisha. Humo nitasikiliza kila mtu, kila siku, kwa moyo wote.

Saa saba Mama Pacha amekuja, wa kwanza! Ameketi kitini. Amesema hana malalamiko leo, amepita kusalimia tu. Akasubiri. Akauliza, mwanangu, upo humo?

Mtu amekuja, kwa hiari yake, kunitafuta mimi! Nisimwache hivihivi tena. Nikashika kibodi, nikaandika bango kubwa la herufi za kupendeza, nikalibandika ukutani, palepale mbele ya macho yake:

MSIMAMIZI YUPO. TAFADHALI USIGONGE.